Nyumba ya Mahabubu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo wewe msomaji uliyeanza kuchungulia dirishani, rudisha macho yako hapa. Ni nchi ya mbali. Watu wake ni wakarimu kupita kiasi, na majirani zetu wenye wivu wanausema vibaya ukarimu huo usiku na mchana. Mimi nimeajiriwa na serikali kama Naibu Mkaribishaji wa Nyumba ya Mahabubu. Nimechoshwa na uzushi, ndiyo maana nimeamua kueleza kwa mkono wangu mambo yalivyokuwa kuhusu Mwalimu Shaweji na harusi ya binti yake.

Kwanza lieleweke jambo moja: kwetu hakuna mtu anayekamatwa. Rais wetu tunamwita Mwenyeji Mkuu, kwa sababu nchi ni nyumba yake na sisi sote tunaishi humo kwa hisani yake. Mwenyeji hakamati mgeni, humwalika. Gari jeupe lenye mapazia linasimama mlangoni pako, wanashuka vijana wanne wenye vifua vipana na adabu kubwa, wanakukabidhi kadi ya mwaliko iliyochorwa waridi, kisha wanakusaidia kuvaa viatu. Ukifika langoni kwetu unapiga hodi kwa kinywa chako mwenyewe, unaitikiwa karibu, unaingia kwa miguu yako. Sheria ya Ukarimu inakataza katakata mtu kuvutwa ndani. Wapo wageni waliosimama langoni wakisitasita kutwa nzima, jua likiwachoma utosini, na hakuna aliyewagusa hata ukucha. Tulingoja tu, na wale vijana wanne wakangoja nyuma yao, mpaka adabu ikawarudia.

Kutoka nako kuna utaratibu wake. Kwetu mgeni haondoki bila kuaga, na kuaga si kusema kwaheri na kuchukua mwavuli. Unamwambia mwenyeji, "Naomba ruhusa." Naye kwa mapenzi anakujibu, "Mbona mapema?" Unakaa tena kidogo, mnazungumza habari za mvua, unaomba tena. Siku mwenyeji atakaposema, "Haya, karibu tena," hapo umeruhusiwa. Bibi zetu walitulea hivyo. Anayetoka kabla ya neno hilo amemtukana mwenye nyumba, na kwa kuwa mwenye nyumba ni dola, huo ni uhaini. Sasa jamani, ni kosa la nani kama Mwenyeji Mkuu anawapenda wageni wake kiasi kwamba kila akiombwa ruhusa anaona bado mapema? Tunaye mhariri mmoja wa gazeti, Bwana Ngwali, aliyeingia kwetu nywele zikiwa nyeusi tititi. Leo kichwa chake ni cheupe, na bado mapema.

Zamani jengo letu liliitwa Gereza la Mahabusu. Mwenyeji Mkuu aliposhika madaraka neno hilo lilimnyima usingizi. Aliunda Tume ya Kulitazama Neno, nayo tume ikasafiri nchi nyingi zenye hoteli nzuri ili kuona wenzetu wanafanyaje. Iliporudi ilipendekeza kwamba badala ya mahabusu, yaani mtu aliyezuiliwa, watu wetu waitwe mahabubu, yaani wapendwa. Mafundi walipanda ngazi na rangi, wakarekebisha bango. Watu waliolala mahabusu wakaamka mahabubu, na furaha ilikuwa kubwa, hasa ofisini kwetu. Madirisha yaliwekewa vyungu vya maua, kwa upande wa nje wa nondo, ili wapita njia wayafaidi. Tangu hapo takwimu za taifa zinaonyesha kwamba mahabusu katika nchi yetu ni sifuri. Hakuna nchi nyingine duniani inayoweza kujivunia hivyo.

Balozi wa nchi moja ya wafadhili ndiye aliyetuharibia hali ya hewa. Mama huyo alikuwa amejifunza lugha yetu vitabuni, na watu wa namna hiyo wana maswali. Katika dhifa ya Ikulu alimwinamia Mwenyeji Mkuu akauliza kwa upole kama maneno hayo mawili yana asili moja, au yamekutana tu barabarani. Vijiko vilitulia. Mwenyeji Mkuu hakuyumba.

"Mheshimiwa Balozi," alisema huku akisimama, na mawaziri wote wakasimama, "maneno haya ni ndugu wa tumbo moja! Yalinyonya ziwa moja! Mtaalamu wetu atakuthibitishia kwa maandishi, kwa sababu serikali yangu haisemi neno bila utafiti."

Mtaalamu mwenyewe alikuwa hajui kwamba ameshafanya utafiti. Mwalimu Shaweji, mstaafu, mtunzi wa kamusi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa kwa fundi cherehani akijaribu kanzu. Ijumaa ya wiki ile alikuwa amwozeshe binti yake wa pekee, Mwanaidi. Vijana wanne walimkuta ameinua mikono, fundi akimpima makwapa. Walimpa kadi yenye waridi, na kwa kuwa wana adabu walimwachia muda wa kuteremsha mikono.

Chakula cha mchana kilikuwa kuku wa nazi. Niliazimwa Ikulu siku ile, na mimi ndiye niliyemmwagia Mwalimu maji ya kunawa, kwa hiyo ninachokisema nilikisikia.

"Kula, Mwalimu," alisema Mwenyeji Mkuu. "Kula, ujisikie uko kwako. Niambie tu, mahabusu na mahabubu, hawa si ndugu?"

"Hapana, Mtukufu. Ni majirani tu."

Waziri wa Utamaduni alipaliwa na mfupa.

"Yote mawili yalitujia kutoka Kiarabu," aliendelea Mwalimu akichambua paja la kuku kwa utulivu wa mtu aliyezoea darasa. "Mahabubu limetokana na mzizi wa kupenda, huko huko lilikotoka neno mahaba. Mahabusu lina mzizi wake mbali kabisa, maana yake kuzuia, kumfungia mtu mahali. Hayajawahi kuwa ndugu."

"Lakini yanafanana!"

"Mtukufu, mimi na dereva wako tunafanana. Nilipokuja, walinzi wa mlangoni walinipa mimi amri zake zote. Lakini mama yake hanijui."

Mawaziri walicheka, kisha wakaona Mwenyeji Mkuu hacheki, wakageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyeji Mkuu aliweka kitambaa mezani. Akasema maneno ambayo baadaye yalichapishwa kwa dhahabu na kutundikwa katika shule zote.

"Mwalimu, nikuulize mimi ambaye sikusoma sana. Anayekupenda hukufanyia nini? Hukuzuia! Mama humzuia mtoto asiende kwenye moto. Mke humzuia mume asirudi baa. Mimi nawazuia wananchi wangu wasipotee. Basi kupenda ni kuzuia, na kuzuia ni kupenda, na mzizi ni mmoja!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mwalimu alingoja makofi yaishe, akasema, "Hiyo ni hotuba nzuri, Mtukufu. Ila mimi niliulizwa asili ya maneno." Kisha alinawa, akapangusa miwani yake, akasema, "Nashukuru kwa chakula. Naomba ruhusa, Ijumaa namwozesha binti yangu, na kanzu yangu bado ina pini."

Mwenyeji Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu supu. "Mbona mapema?" alisema.

Tulimpa Mwalimu chumba kizuri, pamoja na Bwana Ngwali mhariri. Ijumaa ilifika na kupita. Mwanaidi hakukubali kuozeshwa na mtu mwingine wakati baba yake yu hai, basi harusi ikaahirishwa, mbuzi wakarudishwa kwa wenyewe, na Mrisho bwana harusi akabaki na ndevu zilizochongwa bure. Mwalimu alikuwa akikaa dirishani nyuma ya maua, akiangalia upande wa mtaa wao, ambao kwa bahati mbaya umefichwa na jengo la Wizara ya Ukarimu. Nilimwona akihesabu kwa vidole, sijui alikuwa akihesabu nini. Nilimwonea huruma, nasema kweli, ingawa huruma haimo katika majukumu yangu.

Mkuu wangu wa kazi, Kanali Mchopanga, alimtembelea kila asubuhi akiwa na cheti kilichokwisha kuandikwa, na chupa ya chai.

"Tia sahihi tu, Mwalimu," alimwambia. "Neno ni neno. Litakudhuru nini?"

"Kanali, humu ndani kuna watu wanaokata rufaa. Rufaa yao yote ni kwamba hawapendwi, wamefungiwa. Nikithibitisha kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja, watakata rufaa ya nini tena?"

"Hao wamezoea. Wewe una harusi."

Hapo Kanali alikuwa amegusa kidonda. Siku moja mkewe Mwalimu aliletewa ruhusa ya kutuma nguo safi, na ndani ya furushi Mwanaidi alikuwa ameweka ile kanzu, imekwisha kushonwa, pini zimetolewa. Mwalimu aliivaa juu ya nguo alizokuwa nazo, akaketi nayo mpaka jioni. Kisha akagonga mlango akaomba kalamu.

Bwana Ngwali alimwambia, "Shaweji, usifanye hivyo, ndugu yangu."

"Nina mtoto mmoja tu, Ngwali," alijibu. "Nina maneno maelfu. Niache nipoteze mawili."

Akatia sahihi kwamba mahabusu na mahabubu ni ndugu wa tumbo moja. Kalamu ilitoboa karatasi, jambo ambalo Kanali alilieleza katika taarifa yake kama hisia za kizalendo. Cheti kilipelekwa kwa Balozi kikiwa na mihuri minne, na rufaa zote za wageni wetu zilifutwa mchana huo huo, kwa kuwa hakuna mahakama inayoweza kusikiliza kesi ya mtu anayelalamika kwamba anapendwa.

Mwenyeji Mkuu alikuja mwenyewe kumshukuru. Alimkumbatia Mwalimu mpaka miwani ikapinda.

"Mtukufu," alisema Mwalimu, "nimefanya ulichotaka. Naomba ruhusa niende nikamwozeshe mwanangu."

"Sasa ndiyo nimekupenda kabisa!" alisema Mwenyeji Mkuu, macho yakimlengalenga. "Mtu kama wewe nitamwachaje? Bado kuna neno uhuru, kuna neno uchaguzi, yote hayo hayajapata ndugu. Mbona mapema, Mwalimu wangu?"

Usiku ule Mwalimu alilia. Mimi niliandika kwamba ni machozi ya furaha, maana katika fomu zetu hakuna nafasi ya aina nyingine. Lakini nilimsikia akimwambia Bwana Ngwali, "Nimewauza ninyi nyote, na mlango wenyewe sikupewa." Bwana Ngwali hakumlaumu. Alimfunika blanketi tu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mwenyeji Mkuu aliona harusi ile iwe ya kitaifa, ionekane moja kwa moja kwenye televisheni, ili Balozi na ulimwengu wajionee jinsi mapenzi yanavyostawi katika Nyumba ya Mahabubu. Kanali Mchopanga alimletea Mwalimu habari hizo akiwa amejawa na furaha.

"Binti yako anakuja hapa! Yeye, mama yake, bwana harusi. Kadi wameshapewa. Pilau ya serikali, bendi ya jeshi. Utamwozesha kwa kinywa chako mwenyewe, hapa uani."

Mwalimu alisimama ghafla, uso ukiwa umechangamka. Kisha akauliza, "Na baada ya pilau?"

"Baada ya pilau wataaga, kama wageni wote."

"Watamuaga nani?"

"Watamuaga mwenye nyumba, Mwalimu. Ulidhani nani?"

Mwalimu aliketi tena. Aliomba aandike barua kwa mkewe, Kanali akasema ya nini barua na watu wanakuja. Aliomba kupiga simu, Kanali akasema simu za nini kwa watu wanaokaribia kuonana. Tangu hapo hakusema neno jingine. Tulidhani anatunza sauti kwa ajili ya sherehe.

Asubuhi ya harusi tuliwatoa wageni wote wakae uani katika mistari, wamevaa mashati meupe ya serikali. Mwalimu alikaa mbele, amevaa kanzu yake, hatua chache tu kutoka langoni. Lango letu ni la mbao nzito, usipoambiwa huwezi kujua nani yuko upande wa pili. Kamera moja ilikuwa ndani na nyingine nje. Nilisimama na komeo mkononi.

Gari jeupe lilisikika, kisha milango yake. Kisha sauti ya msichana, changamfu, ya mtu aliyengoja siku hii muda mrefu.

"Hodi, baba!"

Hapa niwakumbushe wasiozijua desturi zetu. Mgeni huitikiwa na yule aliyemjia. Sisi watumishi humwitikia aliyemjia Mwenyeji Mkuu, kwa niaba yake; aliyemjia mtu mwingine tunamfungulia komeo tu, karibu yetu haimwingizi. Na mgeni asiyeitikiwa katika hodi ya tatu anageuka anakwenda zake, awe nani, awe na haraka gani. Sheria ya Ukarimu imeyachukua hayo yote kama yalivyo, kwa heshima ya bibi zetu.

Mwalimu alifumba midomo. Kanali alimtazama, akamfanyia ishara ya mkono kama anayemfukuza kuku. Mwalimu aliangalia lango. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyapangusa.

"Hodi, baba! Ni mimi, Mwanaidi. Nimekuja na mama, na Mrisho."

"Itika!" alinong'ona Kanali. "Nchi nzima inatazama!" Akawageukia wageni wengine. "Mmoja wenu aitike! Ngwali, wewe si baba wa watu?" Bwana Ngwali alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Jirani yake akafanya vivyo hivyo, na aliye nyuma yake, mstari baada ya mstari, mpaka ua mzima ukawa mikono tu. Sijawahi kuona utovu wa adabu kama ule tangu niajiriwe. Hata bendi ilishusha tarumbeta.

Kanali alisogea langoni, akashika koo lake, akatoa sauti nyembamba ya kizee. "Karibu, mwanangu!"

Kisha Mwanaidi akasema, "Huyo si baba."

Kanali alinishika bega. "Sema wewe! Wewe ni Mkaribishaji!" Ni kweli, ndiyo kazi yangu, nimeifanya kwa mamia ya watu na sikuwahi kukosea. Nilifungua kinywa. Mate yalikuwa yamekauka, ulimi haukuinuka. Daktari wa serikali alieleza baadaye kwamba ilikuwa vumbi.

Hodi ya tatu ilichelewa. Ilipokuja haikuwa changamfu tena.

"Hodi, baba. Mimi najua uko hapo. Nakusikia unavyopumua, tangu nikiwa mtoto nakusikia. Kama hutaki niingie, nyamaza tu."

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili amwone mtoto wake, amshike kichwa, amwozeshe. Mtu aliyekusanya maneno maisha yake yote alikaa pale na lile moja kooni, akalizuia. Nilikuwa karibu naye, nikaona jinsi lilivyokuwa likimwumiza.

Upande wa pili tulimsikia mama akisema taratibu, "Twende, mwanangu. Baba yako ametujibu." Tukamsikia Mwanaidi akilia, na Mrisho akimwambia amshike mkono. Kisha Mwanaidi akapaza sauti, "Basi, baba. Baba mdogo ataniozesha. Nimekusikia." Vijana wanne, kama walivyonieleza baadaye, walitazamana, maana hakuna kifungu kinachosema afanywe nini mgeni asiyeitikiwa, na kamera ilikuwa usoni mwao. Wakawapisha. Nyayo zilienda zikipungua, wa mbele wakiwa wanakimbia kidogo.

Hakuna aliyetikisika uani. Wageni waliendelea kuziba midomo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kanali alikuwa akiwaamuru watu wa televisheni wazime, watu wa televisheni wakimuuliza wazime kipi.

Hapo ndipo Mwalimu Shaweji alipoinuka. Alikwenda hadi langoni, akaweka kiganja juu ya mbao, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza na aliye karibu sana naye, "Karibu, mwanangu. Karibu, mama."

Kanali alinipokonya komeo, akalisukuma lango, akachomoza kichwa nje kwa pupa. Aliangalia kupita gari jeupe na wale vijana wanne, akatazama kulia, akatazama kushoto. Barabara ilikuwa tupu.